Ua na Udongo Wake

Kitenzi kutunga kina kazi nyingi katika lugha yetu. Twatunga shanga, twatunga asumini katika uzi hadi zikawa koja, twatunga shairi. Jirani yake ni kitenzi kutunza, nacho kina nyuso mbili: kukilinda kitu kisiharibike, na kumpa mtu kitu kwa kumridhia, kama mwimbaji anavyotunzwa mbele ya hadhara. Mwenye kutoa utungo tunamwita mtunzi, jina ambalo sikio hulisikia likielekea pande zote mbili. Sijengi hoja juu ya nasaba ya maneno haya; ujirani wao wanitosha. Kitu ninachokusudia kukihakiki hapa kimetungwa, kimetunzwa, na kimetolewa kuwa tunzo, ilhali hakina hata neno moja ndani yake. Ni ua dogo la uzi, lililofumwa kwa sindano ya kulabu, likajazwa pamba, likapandwa katika chungu cha uzi kisichozidi ukubwa wa chungwa.

Ua hili lilitoka Kahama, mkoani Shinyanga. Mwalimu mmoja mzaliwa wa Unguja, jamaa yetu, alisomesha huko miaka mingi. Alipostaafu na kufunga mizigo, mama wa mmoja wa wanafunzi wake alimletea ua limefungwa ndani ya gazeti. Mama huyo huwauzia chakula wachimbaji wadogo wa dhahabu mchana, na usiku hufuma. Hapa kwetu zawadi yake ilipokewa kwa tabasamu la adabu. Wapo waliosema ni kitu cha watoto. Wapo waliosema: mtu ametoka kwenye dhahabu na almasi, amerudi na uzi! Maneno haya ya mwisho ndiyo yaliyonipa makala, kwani yamebeba nadharia nzima ya zawadi na nadharia nzima ya sanaa, na nadharia zote mbili naziona zina kasoro.

Hebu basi tuchukue upande wa almasi kwanza, tuutendee haki. Shinyanga imewahi kutoa ua la almasi, na ua hilo ni mashuhuri duniani. Mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kikanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Kishapu. Mwaka 1947 likapatikana hapo jiwe lenye rangi ya waridi, la karati 54.5 kabla ya kukatwa. Williamson alilitoa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyekuwa akiolewa mwaka huohuo. Jiwe lilichongwa London mwaka 1948, likabaki karati 23.6. Mwaka 1953, mwaka wa kutawazwa kwake, nyumba ya Cartier ililitia katikati ya pambo la kifuani lililobuniwa na Frederick Mew: ua la jamii ya nargisi, lenye petali, shina na majani, yote kwa almasi. Malkia alilivaa mara nyingi, ikiwemo siku ya harusi ya mwanawe Charles mwaka 1981.

Kwa hiyo yapo maua mawili kutoka ardhi moja, na yote mawili ni zawadi. Nayaweka pamoja si kwa kejeli. Nargisi ya Cartier ni kazi ya mafundi wakubwa, na mwenye macho hawezi kuidharau. Lakini mhakiki hana budi kuuliza ua hili limefanywa kuwa ua la namna gani. Jibu liko wazi katika umbo lake: ni ua lililochumwa. Lina shina, na shina lina mwisho; chini ya mwisho huo hamna kitu. Limekatwa ili liweze kuchomekwa kifuani. Ama ua la Kahama ni ua lililopandwa. Limekuja na chungu chake, na ndani ya chungu mna duara la uzi wa rangi ya kahawia, ambalo mfumaji hakulifanya kwa sababu nyingine ila kuwa udongo. Tofauti kati ya maua haya mawili haimo katika bei, bali katika hilo: moja limekuja bila udongo, jingine limekuja nao.

Kabla ya kuufikia udongo, inafaa tuone jinsi kitu chenyewe kinavyotungwa, maana wapenzi wa ushairi watakuta humo mambo wanayoyajua. Mfumaji huanza kwa kitanzi kimoja, na ndani ya kitanzi hutia mishono 6. Mzunguko wa pili huwa na mishono 12, wa tatu 18, wa nne 24. Kila mzunguko huongeza 6, si zaidi wala si pungufu, na kwa hesabu hiyo duara hutulia likawa bapa kama kisahani. Akiongeza mno, kingo hujikunja mawimbi. Akiongeza kidogo, duara hujikusanya kama kofia. Kitako cha chungu kikitimia, mfumaji huacha kuongeza, na uzi, kwa kunyimwa nafasi ya kutanuka, hauna njia ila kupanda juu. Hivyo ndivyo ukuta wa chungu unavyosimama. Hakuna aliyeusimamisha, hesabu ndiyo iliyousimamisha.

Huu ni utaratibu wa mizani bila kupunguza neno. Tarbia yetu ina mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane katika ukwapi na nane katika utao, na mshairi hajengi uzuri wake kinyume cha hesabu hiyo bali juu yake. Msikilizaji aliyelelewa katika ushairi huisikia mizani iliyopungua kabla hajajua ni neno gani lililokosa. Na katika chungu cha uzi ni vivyo hivyo: mshono mmoja ukirukwa katika mzunguko wa pili, chungu kitainama upande, na mtu asiyejua kufuma ataliona tatizo bila kulijua jina. Tena ipo sifa moja ambayo kazi ya kulabu imeizidi kazi ya kalamu. Kitu kizima ni uzi mmoja unaopita ndani ya vitanzi vyake wenyewe. Ukikata fundo la mwisho na kuvuta, chungu chote hufumuka, mzunguko baada ya mzunguko, hadi kile kitanzi cha kwanza. Usanifu huu haufichi kwamba unaweza kufumuliwa.

Sasa twende kwenye udongo. Nimeyaona maua mengine ya aina hii, maana sanaa ya vitu vidogo vilivyofumwa na kujazwa imeenea duniani kwa jina lake la Kijapani, amigurumi, na mifano yake imewafikia vijana wetu kupitia simu. Katika mengi ya hayo udongo ndio sehemu iliyofanywa kwa haraka. Macho ya mfumaji yako kwenye petali. Udongo ni kifuniko tu cha kuzuia pamba isitoke. Ua la Kahama limefanya kinyume. Petali zake ni tano, za rangi ya waridi, sahili kabisa. Lakini udongo umefumwa kwa nyuzi mbili za kahawia zilizoshikwa pamoja, moja iliyokoza na moja iliyopauka, hata ukawa na madoa na matuta madogo, kama udongo uliotoka kumwagiwa maji sasa hivi. Juu yake pana mshono mmoja mweupe, pembeni, usio na kazi. Labda ni jiwe. Sijauliza, na sitaki kuambiwa.

Mtu wa pwani anaweza kuupita udongo huo bila kuuona. Mtu wa Shinyanga na Geita hawezi. Katika ukanda huo udongo ndio habari yenyewe. Wapo wanaoulima, na wapo wanaouchimba. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, wa Bulyanhulu mwaka 2001, wa Buzwagi mwaka 2009 nao ukafungwa mwaka 2021. Na pembezoni mwa migodi hiyo, katika maeneo kama Nyarugusu na Rwamgasa, maelfu ya wachimbaji wadogo hushuka katika maduara, huku wanawake wakiponda mawe na kuosha mchanga, na dhahabu ikikamatwa kwa zebaki ambayo moshi wake ni sumu. Huko udongo huthaminiwa kwa kile kinachoweza kutolewa ndani yake, na ukishatolewa kitu hicho hubaki kifusi. Mfumaji anayekaa katikati ya maisha hayo, akaushughulikia udongo kuliko ua, amesema jambo. Amesema kuwa upo udongo ambao thamani yake ni kushikilia kilichopandwa.

Na maji je? Shinyanga si nchi ya bustani. Ukataji wa miti na ufugaji uliozidi nguvu ya ardhi uliiacha sehemu kubwa ya mkoa ikiwa kavu, hata serikali ikaanzisha mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, uliowarudisha Wasukuma katika desturi yao wenyewe ya ngitili, yaani kutenga malisho na kuyaacha yapumzike hadi miti iote. Maji ya Ziwa Viktoria yalifikishwa kwa bomba katika miji ya Kahama na Shinyanga mwishoni mwa muongo wa 2000. Mahali ambapo kwa vizazi mwanamke alipiga hesabu ya kila ndoo aliyoitwika, ua la chunguni lilikuwa anasa. Ua la uzi halinywi maji. Ukilitazama kwa jicho hilo, si mwigo wa bustani ya tajiri, bali ni bustani iliyopatana na nchi yake.

Lipo jambo la ndani zaidi, kwa maana halisi ya neno ndani. Chungu kimejazwa pamba ya shamba. Ukanda huu ndio kitovu cha pamba ya Tanzania. Pamba ndiyo iliyozaa ushirika mkubwa wa wakulima wa Kanda ya Ziwa katika miaka ya 1950, ulioongozwa na Paul Bomani. Kwa pamba watoto walisomeshwa. Na mwaka 2012, mikoa mipya ya Geita na Simiyu ilipoundwa, Shinyanga iligawana na Simiyu wilaya zake mashuhuri za pamba. Hata hivyo sehemu kubwa ya pamba hiyo husafirishwa nje ikiwa nyuzi ghafi ambazo bado hazijasokotwa, na uzi wa kufumia unaouzwa madukani mara nyingi ni wa akriliki, uliotoka ng'ambo. Hivyo basi ua hili dogo limeubeba uchumi wa mkoa mzima bila kukusudia. Nje ni uzi wa kigeni wenye rangi za kung'aa. Ndani, mahali pasipoonekana, ni pamba ya nyumbani, nayo ndiyo inayolipa umbo. Itoe hiyo pamba, ua litalala chini kama soksi.

Naijua hoja ya wapenzi wa ushairi wa pwani, kwa sababu ni yangu pia. Sisi tumelelewa katika maua yenye harufu. Asumini, kilua, mlangilangi, rehani: kikuba hufungwa jioni, hunukia usiku mmoja, asubuhi kimenyauka, na ndiyo maana kina thamani. Mshairi wetu anapomwita mpenzi ua, ndani ya sifa hiyo mna onyo: wakati unapita. Ua lisilonukia wala kunyauka litatuambia nini? Hoja hii ni nzito, na yafaa iwaguse wafumaji wenyewe, maana wengi wao huisifu kazi yao kwa neno lilelile: halinyauki, litadumu milele. Hiyo ndiyo sifa dhaifu kuliko zote. Kudumu si fadhila ya ua. Almasi hudumu zaidi, na kama kudumu ndiko kunakopimwa, basi nargisi ya Cartier imeshashinda na sisi tufunge mjadala.

Lakini nadhani unyaukaji wa ua hili upo, ila umehamishwa mahali. Haumo katika petali. Umo katika saa zilizotumika. Kazi kama hii, kwa mtu anayefuma baada ya kuosha masufuria ya siku nzima, huchukua usiku kadhaa. Usiku hizo zimekwisha na hazirudi. Kikuba huonyesha wakati ukipita mbele ya pua zetu. Ua la uzi huonyesha wakati uliokwishapita, umehesabiwa mshono kwa mshono, ukapewa mtu mmoja. Mwalimu yule alimpa mtoto wa mama huyu miaka ya kusoma na kuandika. Alilipwa kwa wakati, sarafu ileile aliyoitoa.

Nisije nikaonekana ninasifu kila kinachofumwa. Maua mengi ya namna hii ni mabaya, na ubaya wao unafanana na ubaya wa mashairi yetu mengi. Aghalabu mfumaji hutia chungu macho mawili ya shanga nyeusi na mdomo wa kutabasamu. Kwa nini? Kwa sababu hakuamini kuwa ua peke yake litampendeza anayelipokea, akaongeza kiumbe cha kumwambia: furahi! Ni sawa na mshairi anayefumba fumbo zuri katika beti tatu, kisha katika ubeti wa mwisho akalifumbua mwenyewe asije msomaji akapotea. Wengine hushona maneno ya mapenzi juu ya chungu, na mara nyingi maneno hayo ni ya lugha ambayo mtoaji na mpokeaji hawaizungumzi. Mfumaji wa Kahama ameacha chungu chake kikavu, bila uso na bila neno. Katika uhakiki, kujizuia huko tunakuita ukomavu.

Kasoro zake ninazo pia. Majani ni mawili, na moja ni kubwa kuliko jingine kwa namna isiyoonekana kuwa ya makusudi. Shina, lililotiwa waya ndani, limekazwa kupita kiasi. Uzi umevutwa hadi waya unaonekana karibu na ua, nalo likitikiswa hurudi kwa ghafla, kama mtu aliyeshituliwa. Mshono wa kuunganisha udongo na ukingo wa chungu umerudiwa mara mbili upande mmoja, pengine baada ya pamba kuchungulia. Hizi ni kasoro za kazi, nazo zaweza kurekebishwa katika ua lijalo. Kasoro ya macho na tabasamu ni ya fikra, na hiyo hairekebishwi kwa sindano.

Turudi kwa wale waliosema mtu ametoka kwenye dhahabu amerudi na uzi. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Mabepari wa Venisi, mwaka 1969, alituletea kwa Kiswahili kisa cha masanduku matatu: la dhahabu, la fedha na la risasi. Wachumba huja kuchagua. Anayefungua la dhahabu hukuta fuvu. Anayefungua la fedha hukuta picha ya mpumbavu. Picha ya bibi arusi imo katika risasi, madini duni kuliko yote. Kisa hiki husomwa kama mawaidha ya kutodanganywa na kung'aa. Mimi hukisoma pia kama kanuni ya kutoa. Chombo kisipopiga kelele, kilichomo husikika. Dhahabu ingempa mwalimu yule kitu ambacho sonara yeyote angeweza kukipima na kukinunua asubuhi ya pili. Uzi hauna sonara. Thamani yake inajulikana kwa watu wawili tu, na hao wawili wakisahau, imekwisha.

Ni lazima vilevile tuulize nini huupata udongo uliobaki nyuma baada ya ua kuchumwa. Tarehe 7 Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui ulipasuka, na tope likafunika nyumba na mashamba ya vijiji vya jirani. Malkia aliyelivaa ua la waridi alikuwa amefariki miezi miwili kabla. Haya mawili hayakusababishana, na kuyafunga kwa kamba ya lawama itakuwa ni kuuonea ukweli. Lakini jiwe lile la mwaka 1947 na tope lile la mwaka 2022 vilitoka katika shimo moja, na ni kimoja tu kati yake kilichotengenezewa umbo la ua. Sanaa ya nargisi ile, kwa uzuri wake wote, haina pa kuliweka tope. Sanaa ya chungu inapo.

Kwa hapa naona funzo linalotuhusu sisi wa kalamu, hasa tunaotafsiri. Kuna tafsiri za kuchuma na tafsiri za kupanda. Mtafsiri wa kwanza hukata shairi pale linapopendeza, akalichomeka katika lugha yake, nalo hung'aa jioni moja. Wa pili hulihamisha pamoja na konzi ya udongo: desturi, jina la mahali, hesabu ya mizani au walau kitu cha kusimama badala yake. Kazi yake ni nzito, chombo chake hakina fahari, na mara nyingi hupokewa kwa tabasamu la adabu. Na sisi watungaji visiwani, ambao kila diwani yetu imejaa mawaridi, tujiulize ni lini mara ya mwisho mmoja wetu alituonyesha mwaridi ulioota wapi, nani aliumwagia maji, na ndoo ilitoka kisima gani. Shaaban Robert aliziita diwani zake kwa majina ya vito na mapambo, Almasi za Afrika, Pambo la Lugha, Koja la Lugha, na alikuwa na haki hiyo. Sisi tuliomfuata tumerithi almasi, pambo na koja. Chungu hatujakirithi kwa mtu, itatubidi tukifinyange.

Ua la Kahama sasa limewekwa dirishani kwa mwalimu, katika nyumba ya Ng'ambo, karibu na kopo lenye mrehani wa kweli. Mrehani humwagiwa maji kila asubuhi. Ua la uzi hupanguswa vumbi. Yote mawili yanatunzwa.